Mwezi wa Thelathini na Saba

Kuanzia Oktoba 2020 hadi Aprili 2021, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, mashariki mwa Kongo, ambacho wenyeji hukiita kwa herufi zake za Kifaransa, OVG, kilikaa bila intaneti ya kuletea taarifa kutoka kwenye vipimo vilivyotegwa kuuzunguka mlima Nyiragongo. Vipimo vilikuwepo. Wasomaji wa vipimo walikuwepo pia, ingawa wengi walikuwa wakidai mishahara. Kilichokosekana ni pesa ya mtandao. Msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umefika ukomo na haukuongezwa, huku kituo kikiandamwa na tuhuma za ubadhirifu. Mwezi wa Aprili ukapatikana msaada kutoka Marekani, mtandao ukarudi. Mei 22, Jumamosi jioni, mlima ukapasuka ubavuni na lava ikashuka kuelekea mjini.

Vyombo vya habari vya dunia havikuchelewa kuyaunganisha mambo hayo mawili, na hukumu ikatoka: bili haikulipwa, onyo halikutolewa, watu wapatao 32 wakafa. Hukumu hiyo inavutia kwa sababu ina mkosaji. Ina kasoro pia, na nitaifikia, ila kwanza tuutazame mlima wenyewe na namna miradi ilivyoupanda na kuushuka.

Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, na kilele chake hakifiki kilomita ishirini kutoka Goma. Lava yake ina silika kidogo mno, hivyo haiji taratibu kama uji mzito unaofurika sufuria, inakimbia. Januari 10, 1977, ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja kupitia nyufa za ubavuni, likawakuta watu mashambani na njiani. Idadi ya waliokufa hutajwa tofauti tofauti, kuanzia makumi hadi mamia. Baada ya hapo mji ukaendelea kukua kuufuata mlima. Mawe meusi ya lava yakawa kuta za nyumba na nyua, na leo wasukuma baiskeli za mbao ziitwazo chukudu wanapitisha magunia ya makaa na viazi juu ya ardhi ambayo wazazi wao waliiona ikiwaka.

OVG kilianzishwa mwaka 1986, kikiwa tawi la kituo cha utafiti cha Lwiro, kule Kivu Kusini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 vita vilikuwa vimekivua karibu kila kitu. Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD, mishahara ilikuwa hadithi, na mashine za kupima mitetemo zilizokuwa bado zinafanya kazi zilikuwa mbili. Kwa mashine hizo mbili na kwa miguu yake, mtaalamu wa Kikongo Dieudonné Wafula aliona tangu 2001 kwamba mambo si shwari: matetemeko yalizidi, na moshi na joto vilijitokeza upande wa Shaheru, kreta ya zamani iliyo kwenye mteremko wa kusini, yaani upande wa mji. Aliwaambia watawala wa wakati ule. Aliwaandikia wenzake wa nje. Januari 17, 2002, lava ilipita palepale, ikaingia katikati ya Goma, ikafunika takribani asilimia 13 ya mji, ikala sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege na kuzimikia Ziwa Kivu. Watu zaidi ya mia moja walikufa, makumi kati yao kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka. Zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba, na mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda.

Napenda kukumbusha kisa cha Wafula kila ninaposikia kwamba ufuatiliaji wa volkano ni suala la teknolojia. Mwaka 2002 teknolojia ilikuwa karibu hakuna, na onyo lilikuwepo. Halikuwa na mtu wa kulipokea.

Baada ya lava pesa zilikuja. Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya, Italia na wengine walileta mashine, wataalamu na magari. Mtaalamu wa volkano Jacques Durieux aliongoza kitengo cha Umoja wa Mataifa cha hatari za volkano mjini humo. Vibao vya rangi vilisimikwa mitaani kumwambia mpita njia hali ya mlima: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Kuanzia 2012, kwa ushirikiano wa OVG na taasisi za Ubelgiji na Luxembourg, ulijengwa mtandao wa vipimo vya kisasa vya mitetemo uitwao KivuSNet, ukisaidiwa na vipokezi vya satelaiti vinavyoweza kuhisi ardhi ikivimba kwa milimita. Kwa muda fulani Nyiragongo ulikuwa miongoni mwa milima inayosikilizwa vizuri barani Afrika.

Ila mradi una umri. Huwa ni miaka mitatu, ukibahatika, mitano. Andiko lake huorodhesha vitu vinavyoweza kuhesabiwa na kupigwa picha: vituo kadhaa vilivyosimikwa, vijana kadhaa waliopata mafunzo, jengo moja lililozinduliwa kwa utepe na hotuba. Mwezi wa thelathini na sita ripoti ya mwisho inaandikwa na kila kisanduku kimetiwa alama ya vema. Mwezi wa thelathini na saba unaanza bila mwenyewe.

Na mwezi huo ndio unaonihusu. Kipimo cha mitetemo hukaa kwenye kibanda cha zege ubavuni mwa mlima. Kinahitaji betri, betri inahitaji paneli ya sola, paneli inahitaji mlinzi, kwa kuwa katika kijiji kisicho na umeme paneli na betri ni mali inayotamaniwa, nazo zimewahi kuibwa si mara moja. Mlinzi anahitaji posho yake. Antena inahitaji fundi wa kuipandia baada ya radi. Fundi anahitaji pikipiki, pikipiki mafuta, na safari nzima inahitaji kibali cha anayeshikilia barabara wiki hiyo, ambaye huenda si yule wa wiki iliyopita. Taarifa zikifika mjini zinahitaji intaneti na umeme wa jenereta pale wa kawaida unapokatika. Na saa nane za usiku anahitajika mtu macho mbele ya skrini, tena mtu aliyelipwa mwezi uliopita. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachofaa kukatiwa utepe. Mgeni rasmi hawezi kuzindua lita ishirini za petroli.

Watu wa miradi ya maji vijijini wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Pampu za mkono zilizokufa kwa kukosa kipande cha mpira cha bei ya soda zimejaa Afrika Mashariki nzima. Tofauti ni kwamba pampu ikifa mama anaona ndoo yake haijai na anapiga kelele siku hiyohiyo. Kipimo cha mitetemo kikifa mji unaendelea na shughuli zake, hausikii pengo. Wanaolijua ni watu wachache waliomo ndani ya ofisi moja, na sauti yao haifiki mbali.

Tena hasara ya pengo haiishii kwenye siku zilizopotea. Mlima kama Nyiragongo, wenye ziwa la lava linaloweza kuchemka kwa miaka mfululizo, haunyamazi hata siku moja. Mitetemo midogo ni pumzi yake. Ukiambiwa leo yametokea matetemeko hamsini, swali la kwanza ni jana yalikuwa mangapi, na mwezi uliopita, na mwaka jana majira kama haya. Aliyekosa miezi saba ya kumbukumbu hajui kama hamsini ni nyingi au ni kawaida. Mtandao uliporudi Aprili 2021, wataalamu walikuwa kama daktari aliyepewa mgonjwa bila faili.

Sasa ile kasoro. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Delphine Smittarello, ukishirikisha wataalamu wa Ulaya pamoja na wa Goma wenyewe. Walizipekua takwimu zote za mitetemo, za satelaiti, za sauti za chini zisizosikika kwa sikio. Walikuta kwamba dalili ya kwanza iliyo wazi ya mlipuko wa Mei 22 ilikuja dakika zipatazo 40 tu kabla ya lava kutoka. Ukuta wa mlima ulikuwa umechoka, ukapasuka, na magma iliyokuwa tayari karibu na uso wa ardhi ikapata mlango. Haikuhitaji kupanda kutoka chini sana, kwa hiyo haikutoa kelele za siku nyingi ambazo wataalamu hutegemea kuzisikia.

Maana yake ni kwamba hata kama bili ya intaneti ingelipwa bila kukosa tangu 2012, hakuna ushahidi kwamba onyo lingetangulia kwa siku au kwa wiki. Nimewasikia watu wakilitumia jambo hili kumaliza mjadala: kama mlima hausemi, kwa nini tugharamie kuusikiliza? Ni hoja inayofaa kujibiwa kwa uzito, kwa sababu afisa wa hazina mwenye akili timamu ataitoa tu siku moja.

Jibu liko katika siku zilizofuata, ambazo nje ya Kivu wengi wamezisahau. Lava ilisimama Buhene, pembezoni mwa uwanja wa ndege, ikiwa imeangamiza maelfu ya nyumba na kukata barabara ya kwenda Rutshuru. Asubuhi ya Jumapili watu walianza kurudi wakidhani yamekwisha. Hapo ndipo ardhi ilipoanza kutetemeka kweli: mamia ya matetemeko kwa siku chache, mengine yakivuka kipimo cha 4, nyufa zikipita barabarani na kwenye kuta za nyumba za Goma na Gisenyi. Safari hii vipimo vilikuwa hai. Vikishirikiana na picha za rada za satelaiti, viliwaonyesha wataalamu kitu ambacho jicho lisingeweza kukiona: mkondo wa magma ulikuwa umepenya chini ya mji na kuendelea hadi chini ya ziwa, mahali pengine ukiwa mita mia chache tu kutoka juu.

Chini ya Ziwa Kivu ni neno zito. Ziwa hilo limehifadhi kwenye vilindi vyake takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno ukililinganisha na Kivu, lilitema gesi yake usiku na kuua watu wapatao 1,700. Wakazi wa Goma hawahitaji kuelezwa. Mazuku, ile gesi inayolala kwenye mabonde na kuua mbuzi, mbwa na mara nyingine mtoto, wanaijua kwa jina na kwa mahali ilipo.

Alfajiri ya Mei 27, Gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihamwe mara moja. Watu wapatao 400,000 waliondoka: kwa miguu hadi Sake, kwa mashua hadi Minova, wengine Rutshuru, wengine Rwanda. Mlipuko wa pili haukutokea. Kwa hiyo wapo wanaosema amri ile ilikuwa kosa. Mimi sisemi hivyo. Aliyejua kwamba magma imelala chini ya soko na shule, akaacha watu wakae, angekuwa anacheza kamari na roho zisizo zake. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa amri. Sake hapakuandaliwa maji wala vyoo kwa umati ule, watoto kwa mamia walipotezana na wazazi wao, na madereva walipandisha nauli kadiri walivyotaka. Sayansi ilikuwa imetimiza kazi yake. Mpango wa uhamishaji ulikuwa wa karatasi.

Na pale sayansi isipofika, uvumi huvaa kanzu yake. Mei 29 serikali ilitangaza kwamba volkano ya pili, Murara, nayo imelipuka. Baada ya saa chache ikakanusha. Kumbe ule moshi ulikuwa wa watu wanaochoma makaa. Ungeweza kucheka, kama usingekuwa umelala nje Sake ukiwa na watoto watatu na godoro moja.

Hebu tulinganishe na mahali pengine palipopata masaibu yaleyale. Novemba 10, 2023, kusini-magharibi mwa Iceland, mkondo wa magma wa kilomita kama 15 ulipenya chini ya mji wa uvuvi wa Grindavík. Usiku huohuo wakazi wote, wapatao 3,800, waliondolewa. Lava ilitoka Desemba 18, na Januari 14, 2024 ikaingia ukingoni mwa mji na kuteketeza nyumba tatu zilizokuwa tupu. Ni kweli kwamba nchi ile ni tajiri na mji wenyewe ni mdogo. Ila kinachonivutia si mashine zake, ni jinsi kazi ilivyopangwa. Taasisi ya hali ya hewa ya Iceland iliunganishwa mwaka 2009 na huduma ya upimaji wa maji, hivyo mvua, mito, barafu, matetemeko na volkano vyote viko chini ya paa moja, zamu ikiwa ya saa 24. Mtabiri wa mvua na msomaji wa mitetemo wanakunywa kahawa moja. Na huduma yake kwa usafiri wa anga inachangiwa na mashirika ya ndege yanayokatiza Atlantiki ya Kaskazini, kwa mkataba wa kimataifa wa tangu 1956. Kila ndege inayopita inaacha kitu kidogo. Hakuna mwezi wa thelathini na saba, kwa kuwa hakuna mradi, kuna ada.

Kongo Mashariki mambo yamegawanyika. Volkano ni ya OVG, hali ya hewa ni ya METTELSAT, ziwa lina wenyewe wawili kwa kuwa mpaka unapita katikati. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mvua kubwa iliufurisha mto Sebeya upande wa Rwanda. Huko Rubavu na wilaya za jirani watu zaidi ya 130 walikufa. Siku iliyofuata, Alhamisi Mei 4, mafuriko na matope yalivifuta vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vya Kalehe, kwenye mwambao wa ziwa hilohilo. Ilikuwa siku ya gulio Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na wengi hawakuonekana tena. Kipimo cha mvua ndicho kifaa rahisi kuliko vyote nilivyovitaja humu: kopo lenye alama na mtu wa kulisoma kila asubuhi. Kinachogharimu ni huyo mtu wa kila asubuhi, na simu ya kumfikia chefu wa kijiji kabla ya wauza samaki kutandaza turubai zao.

Ziwa lenyewe linatoa mfano wa namna nyingine. Upande wa Rwanda, huko Karongi, mtambo wa KivuWatt unavuta methani kutoka vilindini na kuzalisha megawati 26 za umeme. Tangu gesi iwe biashara, kulipima ziwa kumekuwa jambo la lazima: mwekezaji anataka kujua, benki iliyomkopesha inataka kujua, serikali inayotoa kibali inataka kujua. Kipimo kimepata mwenyewe kwa sababu kuna fedha ya mtu inayoweza kuzama. Sifurahii kwamba imebidi iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na anayepanga miradi afadhali aanzie hapo.

Goma hapakosi vyanzo vya namna hiyo. Mpaka mdogo kati yake na Gisenyi, unaoitwa Petite Barrière, ulikuwa ukipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku kabla ya korona. Watalii walilipa Mbuga ya Virunga dola 300 kulala usiku mmoja kwenye ukingo wa kreta. Kampuni za simu zina minara kwenye miteremko ileile, zina umeme, zina walinzi, tena ndizo zinazouza intaneti. Sarafu chache kutoka kwenye kila kimoja, zikiingia kwenye mfuko usioguswa na wizara na wenye ukaguzi wa wazi (tuhuma za 2020 hazikutoka hewani), zingelipa bando, mafuta na zamu za usiku. Wafadhili wangebaki na kazi wanayoiweza vizuri, ya kununua mashine.

Hayo yalikuwa rahisi kusema mwaka 2021. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23. Benki za mji, ambazo ndizo zilizopitisha mishahara ya watumishi wa serikali, zilifungwa; uwanja wa ndege vilevile. Anayekusanya ushuru mpakani na anayesaini barua ya uteuzi wa mtaalamu si serikali moja tena. Hata miaka miwili kabla ya hapo, watu waliokimbia mapigano walikuwa wamefunga mahema Kanyaruchinya, mguuni pa mlima, na wengine Bulengo kwenye mabonde ya mazuku, na hakuna ramani ya hatari iliyochorwa ikiwa na watu hao ndani.

Wapo wanaosema satelaiti zitatuondolea udhia wote huu. Sentinel-1 ya Ulaya hupita juu ya Nyiragongo bila kuomba kibali cha mtu, na picha zake ni bure kwa yeyote mwenye kujua kuzisoma. Ni msaada mkubwa, na mwaka 2021 ulionekana. Lakini hupita mara moja baada ya siku kadhaa, na lava ya Mei 22 ilihitaji dakika arobaini.